Kutoka FPGA hadi memori kadi: njia ipi inaifaa kazi yako?

Anayetaka kuhifadhi data ya FPGA (chipu ambayo saketi zake za ndani unazipanga mwenyewe) kwenye memori kadi kwa kawaida huanza kwa kuuliza kasi. Kadi imeandikwa megabaiti 90 kwa sekunde, kazi yake inatoa megabaiti moja na nusu, basi anaona mambo yamekwisha. Namba hiyo ya kwenye kadi mara nyingi ni ya kusoma, si ya kuandika, na hata ingekuwa ya kuandika isingemaliza swali. Kinachoharibu kazi hizi ni kimya cha kadi. Katikati ya uandishi kadi ya SD inaruhusiwa kukwambia ngoja, na kanuni zake zinamtaka anayeandika awe tayari kusubiri hadi milisekunde 250, na kwa kadi za SDXC, yaani za zaidi ya GB 32, hadi 500. Muda wote huo data inaendelea kuja. Njia utakayochagua ipime kwanza kwa jambo hilo, kisha ujiulize la pili: kadi ikishatolewa, nani ataisoma, na kwa kompyuta gani?

Nitaziweka njia tano ubavu kwa ubavu. Mbili nitazipitia upesi kwa sababu uamuzi wake ni mwepesi, na ile ninayoipendekeza kwa watu wengi nitakaa nayo zaidi.

Kazi tunayoipimia

Tuchukue kazi ya hapa kwetu Lamu: kunasa sauti za chini ya maji katika mlango wa bahari ulio kati ya Amu na Manda. Humo zinapita boti za kwenda Mokowe na za uwanja wa ndege wa Manda, wamo kamba wanaofyatua gando, na pomboo wakipita husikika. Milio ya kamba hao na ya pomboo hupanda mbali juu ya kHz 20, ambapo sikio la binadamu hukoma. Kwa hiyo tunataka haidrofoni nne, yaani maikrofoni za chini ya maji, zote zisomwe kwa wakati mmoja, sampuli 192,000 kwa sekunde kila moja, biti 16. Kusoma nne kwa pamoja bila kupishana hata kidogo ndiko kunakotufanya tuchukue FPGA: sauti majini huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya sampuli moja na inayofuata sauti imesafiri kama milimita 8 tu, na humo ndimo tunamopata upande ilikotoka.

Zidisha: 192,000 mara 4 mara baiti 2 ni baiti 1,536,000 kwa sekunde. Kwa saa moja ni kama GB 5.5. Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni karibu saa 12 na dakika 25, kwa hiyo mzunguko mmoja wa maji unakula karibu GB 69. Kadi ya GB 64 haiufikishi. Ya GB 128 inautosha na kubakiza. Kama unataka kulinganisha bamvua na maji mafu, fanya hesabu hiyo kabla hujanunua chochote.

Kama kazi yako ni ndogo kuliko hii, tuseme kupima kina cha maji gatini mara moja kwa dakika, FPGA huihitaji. Chukua mikrokontrola (chipu ndogo yenye prosesa yake) kama ESP32 au RP2040, weka maktaba ya kadi, na kazi imekwisha. Yanayofuata ni kwa mwenye data inayomiminika.

Kwa nini kadi hunyamaza

Ndani ya kadi kuna kidhibiti kidogo kinachofanya kazi usichokiona. Flashi haiandikwi juu ya data ya zamani. Lazima ifutwe kwanza, na hufutwa kwa mafungu makubwa. Kidhibiti kinahamisha data kutoka fungu moja hadi jingine, kinagawa uchakavu ili fungu moja lisife mapema, kinarekebisha jedwali lake. Mara nyingi kinamaliza upesi. Mara moja moja kazi inakuwa kubwa, na kadi inaishika laini ya data chini mpaka imalize. Ukiitazama kwa kifaa cha kuchungulia mapigo utaona mfululizo mzuri wa bloku (vipande vya baiti 512), pengo dogo, bloku, pengo dogo, halafu ghafla pengo refu mara mia ya mengine, bila sababu inayoonekana kwa nje.

Kwa hiyo lazima iwepo bafa, foleni ya kumbukumbu ambayo sampuli zinapangwa zikisubiri kadi ifunguke. Swali la kweli ni foleni hiyo inavumilia kimya cha muda gani. Kwa kasi yetu ya baiti 1,536,000 kwa sekunde hesabu ni hizi, kwa FPGA tatu na kwa mikrokontrola ya RP2040:

| Kumbukumbu | Ukubwa | Inavumilia kimya cha |
|---|---|---|
| Ya ndani ya chipu, bodi ya Tang Nano 9K | KB 58.5 | milisekunde 39 |
| SPRAM ya iCE40UP5K | KB 128 | milisekunde 85 |
| Block RAM ya Artix-7 35T | KB 225 | milisekunde 150 |
| RAM yote ya RP2040 | KB 264 | milisekunde 176 |
| PSRAM ya Tang Nano 9K | MB 8 | zaidi ya sekunde 5 |

Angalia safu ya mwisho kulia. Zote za juu hazifiki 250, na Artix-7 35T ni chipu yenye heshima yake. Bodi ya bei nafuu yenye PSRAM pembeni, yaani kumbukumbu kubwa iliyo nje ya mantiki ya FPGA, inazishinda zote kwa kazi hii. Ndiyo maana namshauri mtu atazame kumbukumbu ya bodi kabla ya kutazama idadi ya seli za mantiki. Kuandika bafa juu ya PSRAM au SDRAM ni kazi ngumu kidogo kuliko kutumia kumbukumbu ya ndani, lakini ni kazi inayolipa.

Njia ya 1: SPI, bloku mbichi

Hii ndiyo njia ambayo karibu kila mtu huanza nayo, na ni haki. SPI ni mawasiliano ya waya nne: data ya kwenda, data ya kurudi, saa, na ya kuichagulia kadi. Ongeza umeme wa volti 3.3, na mashine ya hali, saketi inayokwenda hatua kwa hatua, unayoiandika kwa Verilog au VHDL, lugha za kuelezea saketi. Unaiamsha kadi kwa saa ya taratibu, kati ya kHz 100 na 400. Kwanza mapigo 74 au zaidi huku laini ya kuichagulia kadi ikiwa juu. Kisha amri ya CMD0, ambayo baiti zake sita, kwa heksadesimali, ni 40 00 00 00 00 95 na jibu lake 01. Kisha CMD8, 48 00 00 01 AA 87. Kisha unarudia CMD55 na ACMD41 mpaka kadi ikujibu 00, na CMD58 ikueleze kama anwani zinahesabiwa kwa bloku au kwa baiti. Kadi za SDHC na SDXC zinahesabu kwa bloku za baiti 512. Za zamani za GB 2 kushuka chini zinahesabu kwa baiti. Usipolitofautisha hilo utaandika mahali pasipo.

Baada ya hapo unapandisha saa hadi MHz 25. Biti moja kwa kila pigo, kwa hiyo dari ni baiti milioni 3.1 kwa sekunde. Sisi tunahitaji nusu yake tu. Lakini utafika huko kwa sharti moja: andika kwa CMD25, bloku nyingi mfululizo, usitumie CMD24 ya bloku moja moja. Kwa CMD24 kadi inalazimika kufunga hesabu kila bloku, na kasi inaweza kuporomoka vibaya. Kwa CMD25 kila bloku inaanza na baiti FC, na siku ukitaka kufunga unatuma FD.

Kuna jambo moja la SPI ambalo naliona hatari kuliko mengine. Kadi ikiingia katika hali ya SPI, ukaguzi wa CRC, namba inayoonyesha kama data imeharibika njiani, unazimwa. Ukitumia waya ndefu za kuchomeka, biti ikageuka njiani, kadi inaipokea na kuihifadhi ikiwa imeharibika, na wewe hujui. Uwashe kwa CMD59. CRC ya data ni ya biti 16. Kwenye FPGA ni rejista 16 na milango michache ya XOR, haikugharimu kitu. Ukishaiwasha, jibu la kadi baada ya kila bloku linakuwa na maana: katika biti tano za chini, 05 ni imepokelewa, 0B ni CRC mbaya, 0D ni imeshindwa kuandika. Bloku isitolewe kwenye foleni mpaka uione 05. Na waya zifupishe. Sentimita chache zinatosha, na kama huwezi, shuka hadi MHz 12.5, ambayo ni baiti milioni 1.56, na hapo kazi yetu ya haidrofoni nne haina nafasi tena ya kupumua.

Ubaya wa bloku mbichi unaonekana siku ya kuitoa kadi. Haina mfumo wa faili. Ichomeke kwenye kompyuta ya Windows, na itakuuliza kama unataka kuifomati. Wewe unajua jibu. Mtafiti aliyekungoja ofisini, au msaidizi wake, hajui, na sauti za mzunguko mzima wa maji ziko umbali wa kubofya mara moja. Kwa sababu hiyo pekee siipendekezi njia hii kwa kadi itakayopita mkono wa mtu mwingine. Kwa majaribio yako mezani ni nzuri sana.

Njia ya 2: SD yenyewe, waya nne za data

Hapa unazungumza na kadi kwa lugha yake ya asili. Laini moja ya amri inayokwenda na kurudi, saa, na laini nne za data. Kwa MHz 25 unapata baiti milioni 12.5 kwa sekunde. Ukiipandisha kadi hadi MHz 50 kwa CMD6, milioni 25. Juu ya hapo kuna UHS-I, kundi la hali za kasi zaidi, mojawapo SDR104 ikifika MB 104 kwa sekunde, lakini inataka ushuke hadi volti 1.8 na upange muda wa kusoma kwa uangalifu mkubwa. Achana nayo mpaka uwe na sababu.

Kazi inaongezeka. CRC hapa haina hiari: ya biti 7 kwenye amri, na ya biti 16 kwenye kila laini ya data peke yake, maana yake nne kwa pamoja. Majibu ni ya biti 48, na mengine 136. Unaiomba kadi anwani yake kwa CMD3, unaichagua kwa CMD7, unapanua njia kwa ACMD6. Laini za amri na data zinataka rezista za kuvutia juu. Kidhibiti kamili si kazi ya jioni moja, ingawa si lazima ukianze mwanzo: LiteSDCard ya mradi wa LiteX ipo wazi, na ya ZipCPU pia.

Nani anaihitaji? Mwenye kamera. Picha ya 640 kwa 480, biti 8, mara 30 kwa sekunde ni MB 9.2, na SPI haiwezi kabisa. Au mwenye haidrofoni nyingi kwa sampuli 500,000. Kwa kazi yetu ya mlango wa Manda njia hii inakuongezea nafasi ya kupumua: baada ya kimya kirefu foleni inamwagika upesi, kabla kimya kingine hakijaja. Hilo ni la maana. Lakini haikiondoi kimya chenyewe. Bado unaihitaji bafa ileile.

Darasa za kasi zinazochapwa kwenye kadi nazo zina mpaka wake. C10 na V30 zinaahidi MB 10 na MB 30 za uandishi wa mfululizo, na ahadi hizo ni za njia ya SD na mpangilio wake maalumu. Ukitumia SPI usizihesabu kama dhamana.

Njia ya 3: prosesa ndani ya mantiki

Unajenga prosesa ndogo ndani ya FPGA, PicoRV32 kwa mfano, unaiwekea FatFs, maktaba ya kuandika mafaili ya mfumo wa FAT, na kadi inatoka na mafaili yenye majina na tarehe. PicoRV32 inachukua seli kati ya 750 na 2,000 kwenye chipu za Xilinx za mfululizo wa 7, kwa hiyo nafasi si tatizo. Inavutia, na vijana wengi huikimbilia kwa sababu upande wa programu wanaujua tayari kwa C.

Shida ni mwendo. PicoRV32 inatumia wastani wa mapigo manne kwa kila agizo. Kwa MHz 50 ni maagizo milioni 12.5 kwa sekunde. Gawanya kwa baiti milioni 1.5 na unabaki na maagizo nane kwa kila baiti. Katika manane hayo usome kwenye foleni, uandike kwenye SPI, uhesabu, uzunguke, na FatFs ipate yake. Haitoshi. Ili itoshe, data ipite pembeni kwa saketi yake yenyewe na prosesa ibaki ikitoa amri tu, na ukishajenga saketi hiyo umeshafanya sehemu kubwa ya njia ya kwanza.

Kuna la pili. Kwenye FAT, urefu wa faili huandikwa katika orodha ya mafaili pale unapofunga faili au unapoita f_sync, amri ya kulazimisha kila kitu kiandikwe kwenye kadi. Umeme ukikatika kabla, data imo kwenye kadi lakini faili linaonyesha urefu wa zamani, au sifuri. Ukiita f_sync mara kwa mara unaokoa data, lakini kila wito unaiondoa kadi kwenye mfululizo, unaipeleka kuandika jedwali la FAT, unairudisha, na vimya vinaongezeka. Kwenye mashua inayotumia betri na nyaya zinazotikiswa na mawimbi, hilo si jambo la kubahatisha.

Ninaipenda njia hii pale data inapokuja kwa vipande: FPGA inasikiliza, inatambua mlio, inaandika sekunde mbili, inanyamaza. Hapo mafaili mengi yenye majina yana faida kubwa, na mwendo hausumbui.

Njia ya 4: chipu yenye ARM, na Linux

Chipu za FPGA za Zynq-7000 na Cyclone V SoC zina prosesa za ARM, Cortex-A9, ndani yake, kidhibiti cha SD kilicho tayari, na kwenye bodi kumbukumbu ya DDR3. Bodi ya DE10-Nano, yenye Cyclone V, ina GB 1. Kwa kasi yetu hiyo ni zaidi ya dakika 10 za kimya. Swali la bafa limekufa. Mafaili, mtandao, saa ya kweli, vyote unavipata kwa programu ulizozizoea.

Gharama iko kwenye umeme. Tuseme bodi ya namna hii inakula wati 5. Kwa saa 12 na dakika 25 ni kama saa-wati 62. Betri ya asidi ya volti 12, Ah 7, ina 84 kwa maandishi, na ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, yaani 42. Haifiki. Bodi ndogo ikila wati 1 pamoja na kadi, inatumia kama 12.5, na betri hiyohiyo inaibeba bila shida hata jua likikosekana siku ya pili.

Na Linux inashikilia data kwenye RAM kabla ya kuishusha kwenye kadi. Kwa mpangilio wa kawaida inaweza kukaa nayo kama sekunde 30. Umeme ukikatika, hizo zimekwenda. Bodi nyingi zina soketi moja ya kadi, kwa hiyo mfumo wenyewe na sauti zako ziko kadi moja, na kuharibika kwa kimoja kunaweza kukuzuia hata kuwasha. Ukiichagua njia hii, mfumo uwe wa kusomwa tu, data iende sehemu yake, na uite fsync kwa ratiba. Kwa kituo cha nchi kavu chenye sola ya kutosha, ni chaguo zuri. Kwa boya au mashua ndogo, hapana.

Njia ya 5: kuikabidhi mikrokontrola

FPGA inakusanya, ESP32 au RP2040 pembeni inaandika. Kwa UART, laini rahisi ya mfululizo, ya biti 921,600 kwa sekunde unapitisha kama baiti 92,000 kwa sekunde, sehemu ndogo sana ya tunachohitaji. Kwa SPI kati ya chipu mbili inawezekana kwenda mbali zaidi, lakini RAM ya RP2040 umeiona kwenye jedwali. Ni nzuri pale FPGA inapochuja data kwanza na kutoa matokeo machache. Vinginevyo unaongeza chipu, waya na programu ya pili bila kulitatua lile la kimya.

Ninayoipendekeza: faili lililotengwa mapema

Hii ni njia ya kwanza au ya pili, ila kadi imeandaliwa nyumbani kabla. Unaichukua kadi, unaifomati kwenye kompyuta kwa programu ya SD Association, shirika linalotunga kanuni za kadi hizi, halafu unalijaza faili moja kubwa la sifuri. Kadi ikiwa tupu, faili hukaa mfululizo, bloku kwa bloku bila kurukaruka. Kwenye Linux hakikisha kwa `filefrag -v`. Ukiona kipande kimoja, uko salama. Mwanzoni mwa faili unaandika alama yako, herufi 16 ambazo huwezi kuzikuta kwa bahati.

FPGA ikiwashwa inaisoma kadi tangu bloku ya 0 mpaka ikutane na alama. Kwenye kadi ya GB 32 ya FAT32, mbele ya data kuna nafasi ya kuanzia na nakala mbili za jedwali la FAT, kama MB 12 kwa jumla, kwa hiyo kwa SPI ni sekunde nne hivi. Kisha inaanza kuandika humo kwa CMD25, mbele tu. Haigusi jedwali wala orodha. Haijui hata kwamba mfumo wa faili upo.

Ukiichomeka kadi kwenye kompyuta, faili lipo na jina lake, linanakiliwa kama faili lolote. Hakuna swali la kufomati. Na umeme ukikatika, urefu wa faili ulishaandikwa tangu nyumbani, hivyo kilichofika kwenye kadi kinabaki kilipo.

Linalobaki ni kujua data inaishia wapi, maana faili daima linaonekana limejaa. Jibu ni kuipa kila bloku kichwa chake. Kwa kazi yetu nagawa baiti 512 hivi: baiti 4 namba ya safari, baiti 4 namba ya bloku, baiti 8 saa, na 496 za sauti. Sampuli moja ya haidrofoni zote nne ni baiti 8, na 496 inagawanyika kwa 8 mara 62 kamili, kwa hiyo hakuna sampuli inayokatwa kati ya bloku mbili. Namba ya safari inabadilika kila unapowasha, ili data ya wiki iliyopita iliyobaki mbele isichanganywe na ya leo. Namba ya bloku ikiruka, unajua bafa ilifurika, na unajua hasa mahali. Kwa mtafiti anayetafuta upande wa sauti, pengo linalojulikana ni afadhali mara nyingi kuliko data iliyounganishwa kimyakimya kana kwamba hakuna kilichopotea. Kichwa hiki kinapandisha mwendo hadi baiti milioni 1.59 kwa sekunde, na kwa hiyo ile MHz 12.5 haitoshi tena. Panga waya zako kwa MHz 25 tangu mwanzo.

Mipaka yake uijue. Kwenye FAT32 faili moja halivuki GB 4, ambazo kwetu ni kama dakika 45. Itabidi utenge mafaili kadhaa yanayofuatana na uhakikishe yamegusana. Kwa kadi ya GB 128 tumia exFAT, mfumo wa faili usio na mpaka huo, na faili moja la GB 120, litakupa saa 21. Kulijaza sifuri kwa MB 20 kwa sekunde ni saa 1 na dakika 40, kwa hiyo ianze jioni. Na huwezi kuwa na mafaili ya urefu unaobadilika, ndiyo maana nimesema kazi ya vipande vipande iende njia ya tatu.

Chumvi, betri na kadi ya dukani

Kadi ikikatiwa umeme ikiwa bize inaweza kuharibu zaidi ya bloku ile moja. Weka kapasita ya faradi 0.1 kwenye laini ya volti 5, na FPGA iangalie volti ya betri. Bodi ndogo inayovuta miliampea 200 inapata zaidi ya nusu sekunde kabla ya kushuka hadi 3.5, nayo inatosha kutuma FD na kusubiri kadi itulie.

Hewa ya huku inakula shaba. Mabati ya soketi ya kadi yakipata ukungu wa chumvi, kadi inaanza kukosa majibu, na mtu anaenda kutafuta kosa kwenye Verilog yake. Funga kila kitu kwenye boksi lisilopitisha maji, na vifuko vya silika ndani. Kadi itolewe boksi likiwa kavu, nchi kavu, si juu ya mashua wakati wa kusi.

Kadi zenye ukubwa wa uongo zimejaa madukani. Zinajionyesha GB 128, zikifika GB 16 zinaanza kuandika juu ya data ya mwanzo. Kila kadi ipitishe kwenye programu ya kupima, f3 ukiwa na Linux au H2testw ukiwa na Windows, yote, mpaka mwisho.

Kisha kipime kimya chake. Ndani ya FPGA weka kihesabu kimoja kinachohesabu mapigo kadi ikiwa bize, na rejista inayotunza kubwa kuliko zote. Iandike kadi nzima mara moja ukiwa mezani, kwa mwendo uleule wa kazini, halafu isome rejista. Kama kimya kirefu kuliko vyote kimezidi nusu ya kile bafa yako inachovumilia, kadi hiyo itumie kwa muziki na picha, ununue ya aina nyingine na uipime upya.